Maji ya Bwawa la Kwanza

Mama mkwe aliomba maji kwa kinywa cha binti yangu, nami nikasema ndiyo. Laiti ningesema hapana. Nilikuwa na sababu zote za kukataa, tena nilizijua kuliko mtu mwingine yeyote katika mji ule, kwa kuwa kuzijua ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ilikuwa kiangazi, katika ile miezi ya baridi ambapo umande huganda juu ya majani na moshi wa asubuhi hauna nguvu ya kupanda. Nilikuwa natoka bondeni, nasukuma baiskeli. Kwenye kona yenye mianzi mama mkwe alikuwa anakuja, binti yangu ameshika upindo wa kaniki yake. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, wala hawaongei wakiwa wameelekeana. Anayewahi kumwona mwenzake hutoka njiani. Siku hiyo aliwahi yeye. Aliingia nyuma ya mianzi, akanipa mgongo, akaanza kuongea na mtoto kwa sauti ya kunifikia.

"Mjukuu wangu, hivi baba yako analala vizuri?"

Mtoto hakujua kwamba swali lilikuwa langu. "Anakoroma," akajibu.

"Vizuri. Anayekoroma ana amani. Mimi siku hizi silali. Mfereji umekauka, mahindi yamejikunja kama masikio ya sungura. Na pale juu maji ya baba yako yamejaa, wanayaogelea bata. Nasema na wewe, mjukuu wangu, sisemi na mtu mwingine."

"Baba," mtoto akaniita, "bibi anataka maji yako."

Nilicheka. Nilimwona amesimama katikati ya njia na miguu yake yenye vumbi, mjumbe asiyejua kuwa ni mjumbe. Nikamwambia, "Mwambie bibi, kesho yatakuja."

Binti huyu ndiye mtoto pekee tuliyekuwa naye. Tangu aachishwe ziwa alikuwa akikaa kwa bibi yake, kama wazaliwa wengi wa kwanza wa kwetu, na Jumapili alikuwa akiletwa nyumbani. Ilikuwa heshima kumpa bibi mtoto wa kumtuma maji na kumpa joto la kitandani. Sikuona ubaya wake wakati ule, na hata leo siioni desturi yenyewe kuwa na kosa.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya: boma, zahanati, shule ya bweni, maduka ya Wahindi, nyumba chache za Wazungu, na sehemu ambayo mabasi na malori yalisimama abiria wanunue chakula. Boma, shule, zahanati na nyumba za Wazungu zilikuwa na vyoo vya kuvuta maji, na vyote viliteremkia kwenye mtambo wangu, kama inafaa kuuita mtambo. Kwanza kulikuwa na chujio la nondo lililonasa matambara na vijiti. Halafu tangi la saruji lililofukiwa, ambamo uchafu mzito ulizama. Kutoka tangini maji yaliingia bwawa la kwanza, bado yana rangi ya chai ya maziwa. Yalikaa humo juani majuma mengi, yakapitishwa bwawa la pili, yakakaa tena mpaka yakawa kijani na kukosa harufu, ndipo yakaachiwa mtoni. Hatukutia dawa yoyote. Kilichoyasafisha ni jua na kusubiri.

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na kupata mafunzo ya afya. Katika mafunzo hayo mwalimu aliweka tone la maji ya choo chini ya darubini, akatuita mmoja mmoja tuinamishe jicho. Niliviona vile vijidudu vikikimbizana. Sikula chakula cha mchana siku ile. Kwa hiyo sitaki mtu aseme nilikuwa mshamba asiyejua.

Watu waliniita Bwana Afya mbele yangu, na nikishapita wakaniita Bwana Mavi. Kwenye basi, nafasi ya pembeni yangu ilikuwa ya mwisho kukaliwa. Nilipotafuta mchumba, nyumba mbili zilikataa posa yangu bila hata kuonja ulanzi, ile pombe ya mianzi, niliopeleka. Nyumba ya tatu nayo ilitaka kukataa, mpaka mama wa binti akamwambia mshenga, "Kila mtu anakwenda choo. Huyu angalau anajua kinaishia wapi." Nikapata mke. Hivyo, yule mwanamke aliyesimama nyuma ya mianzi hakuwa mama mkwe tu. Alikuwa mtu wa kwanza katika bonde lile kunihesabu kuwa mtu.

Halafu alikuwa na haki. Maji ya mabomba ya mji yalitoka kwenye kijito kile kile kilichokuwa kikijaza mfereji wa bonde. Tuliweka bomba juu, tukachukua maji safi, na kiangazi kilipofika akina mama wa bondeni wakabaki na tope. Vinyungu vyao, yale matuta ya bondeni wanayolima mvua ikishakwisha, ndivyo vilivyowalisha mpaka mvua nyingine. Tuliwachukulia maji safi juu yao na kuyatupa machafu chini yao. Niliyawaza hayo yote nikiwa nasukuma baiskeli, na yalinisaidia kujidanganya kwamba natenda haki.

Bwawa la pili lilikuwa chini kuliko mfereji, maji yake yasingeweza kupanda. Bwawa la kwanza tu ndilo lililokuwa juu, na ubavuni lilikuwa na lango dogo la mbao lililoelekea mfereji wa zamani. Lilikuwa la kutolea masalio wakati wa kusafisha. Mzungu wetu wa afya, aliyekaa Mbeya na kutujia mara chache, alikuwa amenionyesha kwa kidole: hili usilifungue maji yakiwamo.

Nilikuwa na mfanyakazi mmoja, Mnyakyusa wa makamo aliyesafisha chujio kwa reki. Asubuhi ile alinikuta nakwangua kutu kwenye mnyororo.

"Bwana Afya, lango hilo leo linamfungukia nani?"

"Bonde."

"Bonde zima, au mkweo?"

Niliendelea kukwangua.

"Mna mambo nyie Wahehe," akasema. "Kwetu Tukuyu mke ndiye anayemkimbia baba mkwe. Huku mwanamume mzima anajificha mianzini akiona bibi kizee. Halafu mnajisifu vita."

"Kwenu mvua inanyesha mwaka mzima. Mtajua nini habari za kiangazi?"

"Ndiyo maana hatumwagilii kwa mavi." Lakini aliweka reki chini, akashika mnyororo upande wa pili, tukavuta. Ubao ukapanda. Maji yakatoka yakiwa na povu jembamba, yakatafuta njia katika mfereji mkavu kama mtu anayepapasa gizani, kisha yakaipata.

Nilijiona mwenye busara kwa kuweka masharti. Niliwaita wenye vinyungu wote wasimame kando ya mfereji nikawaambia: maji haya ni ya mahindi na maharage. Si ya kunywa, si ya kuoga, si ya kuoshea kitu. Mboga inayoliwa mbichi isiyaguse.

"Na kuku akinywa?" mama mmoja akauliza.

"Kuku wako ana lipi la kuogopa? Si anashinda nyuma ya choo," mwenzake akamjibu, na wote wakacheka, hata mimi.

Walikubali. Wote walikuwapo isipokuwa mama mkwe. Asingeweza kuja kusimama mbele ya mkwewe na kumsikiliza kama mtoto wa shule. Niliuliza nani atamfikishia. "Tutamwambia," wakasema, kwa pamoja, namna watu wanavyosema jambo ambalo kila mmoja anamwachia mwenzake. Mpaka leo sijui kama kuna aliyemwambia, wala alimwambia nini.

Kila juma nilipita kukagua. Nilitembea kati ya matuta na fimbo yangu, nikang'oa nyanya nilizozikuta pasipo ruhusa, nikagomba, nikatukanwa kwa sauti ya chini. Nilifika mpaka kwenye mianzi, nikageuka. Baada ya mianzi kulikuwa na matuta ya mama mkwe, ya kwanza kabisa kupokea maji kutoka langoni. Mwanamume hakanyagi tuta la mama mkwe wake. Anaweza kumkuta ameinama analima, amefunga kaniki juu ya magoti, na aibu hiyo haifutiki. Watu waliniona nikigeuka pale na wakanisifu kwa adabu yangu. Kulikuwa na njia ya kuliondoa katazo hilo. Ningepeleka mbuzi na shuka, wazee wangekaa, na baada ya hapo tungeweza kuongea kama mama na mwana. Mke wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja. Nilisema tusubiri mavuno. Ukweli ni kwamba desturi ile ilinifaa. Ilinipa mahali ambapo sikulazimika kutazama.

Hivyo bustani iliyopokea maji mazito kuliko zote ndiyo ambayo mkaguzi hakuikagua.

Jumapili moja binti yangu alikuja na kikapu kutoka kwa bibi yake. Karoti. Zilikuwa ndefu, nyekundu, zimeoshwa zikang'aa, na majani yake yamefungwa kwa kamba ya mgomba vizuri kama za kuuza. Mke wangu akasema mama yake sasa anawauzia abiria kwenye mabasi, na wapishi wa Wazungu wanazifuata mpaka shambani. Alikuwa na furaha. Alisema, "Mama anamsifu baba yake huyu kila siku. Anasema maji yako yana samli."

Nilichukua karoti moja nikaizungusha mkononi. Hapakuwa na chembe ya udongo. Bomba la karibu na kwa mama mkwe lilikuwa sokoni, mbali, kupanda mlima, na lilifungwa mchana. Mwanamke yule alikuwa na kikapu baada ya kikapu cha karoti za kuosha, na mfereji ulikuwa unapita miguuni pake.

Nilijua. Sikukisia, nilijua. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini anatafuna moja, anaitafuna kwa meno ya mbele kama sungura, na majani yamemwangukia mapajani.

Nilimwambia mke wangu, "Hizi zipikeni kwanza."

"Karoti? Kwa nini?"

"Pikeni tu."

Nikamnyang'anya mtoto ile aliyobaki nayo, akalia, mama yake akanitazama. Basi. Jioni binti yangu alirudi kwa bibi yake. Kumwuliza mama mkwe anaosha wapi mboga zake ingekuwa kumwita mchafu, na kumkataza kungekuwa kukiri kwamba nilimpa kitu kibaya nikakiita zawadi. Ningeweza kufunga lango. Nilijiambia mvua zi karibu.

Homa ilianza kwa wengine. Kijana mmoja wa soko, kisha mama na mwanawe wa kinyungu cha pili. Mganga wa zahanati alifikiri ni malaria, akawapa kwinini. Halafu mke wangu alikuja mbio mtamboni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya harufu, akasimama mbali na kusema, "Mtoto ana homa. Mama anasema inapanda kila siku, haishuki. Tumbo limejaa. Njoo."

"Tangulia," nikamwambia. "Nakuja."

Sikwenda. Nilikwenda langoni kwanza. Niliuteremsha ule ubao, nikafunga mnyororo, nikachukua reki ya mfanyakazi wangu nikavuta majani makavu juu ya mfereji ili usionekane kuwa umetumika. Mnyakyusa alikuwa amesimama penye chujio. Safari hii hakunitania. Nilipomaliza ndipo nikapanda baiskeli kwenda kumwona mwanangu.

Nilisimama nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kwa sababu yeye alikuwa ndani. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na nilisikia kila kitu. Nilimwuliza mke wangu kupitia ukutani anaharisha namna gani, na akanijibu: kama uji wa dengu. Mama mkwe alikuwa anaongea na chungu, ili mimi nisikie. "Nimempa uji, hataki. Nimempa maziwa, hataki. Chungu changu wewe, nimpe nini?" Kisha nikasikia sauti ya mtoto, ndogo, iliyokauka.

"Baba, ingia."

"Bibi yako yumo humo," nikasema.

"Ingia tu."

Sikuingia. Nilikaa nje nimeegemea ukuta, mgongo wangu karibu na kitanda chake, mpaka lori la viazi la Mhindi mmoja lilipokubali kutuchukua kwenda Iringa kwenye hospitali ya misheni. Mama mkwe akatoka kwa mlango wa nyuma, amejifunika kichwa, ndipo nikaingia kumbeba. Alikuwa mwepesi. Mwanzoni mwa safari alikuwa bado anatutambua. Mbele zaidi, barabara ilipoharibika na viazi vikaanza kuturukia, aliacha kulalamika, na mke wangu alidhani amepata nafuu.

Sista wa hospitali alimpa dawa, lakini akatuambia waziwazi kwamba ni homa ya matumbo na tumechelewa, utumbo umeshatoboka. Binti yangu alikufa mchana, saa wagonjwa wanapoletewa uji. Bakuli lake liliwekwa kando ya kitanda na aliyelileta hakuwa amearifiwa. Lilikaa pale mpaka likafanya utando juu.

Tulimzika kwa bibi yake. Yule mama wa kinyungu cha pili alikuwa amekwisha zikwa, na kijana wa soko alifuata. Kuhusu abiria walionunua karoti zile na kuendelea na safari zao, sijui lolote na sitajua.

Siku ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa, mama mkwe aliinuka kati ya akina mama akavuka uwanja. Wanaume walionyamaza kwanza ni wale waliomwona anakoelekea. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akapiga magoti, akanitazama machoni. Nilikuwa sijawahi kuona macho yake. Yalikuwa ya mke wangu, yamezeeka.

"Mwanangu," akasema, "nisamehe. Mimi ndiye niliyempa zile karoti. Nilizioshea kwenye mfereji ule. Sikujua. Nisamehe."

Huo ndio wakati wangu wa pili wa kusema hapana. Ningesema, hapana mama, ni mimi. Lango nilifungua mimi, nilijua, nikanyamaza. Ukoo wote ulikuwa unasikiliza, na wenye maiti wengine walikuwapo.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Watu walilia kwa uzuri wa jambo lile. Walinisifu tena.

Mzungu wa afya alikuja kutoka Mbeya, akachukua maji ya bwawa la pili katika chupa, akayaona ni mazuri. Aliniuliza kama lango la ubavuni limewahi kufunguliwa. Nikasema halijawahi. Mnyakyusa alikuwa amesimama hapo, anatazama meno ya reki yake. Baada ya muda si mrefu aliomba kuacha kazi, akarudi kwao. Hatukuagana. Katika taarifa ugonjwa ukaandikwa kuwa uliletwa na inzi na wasafiri.

Mke wangu alikaa kwa mama yake kumaliza matanga. Nilipokwenda kumchukua alitoka mpaka kwenye mianzi, akasimama pale pale mama yake alipokuwa akisimama, ila yeye hakunigeuzia mgongo.

"Uliniambia nizipike kwanza," akasema.

Niliegemeza baiskeli kwenye mianzi.

"Mimi ukaniambia nipike. Yeye ukamrudisha huku. Na mama yangu ukamsamehe."

"Nilitaka kumwambia mama yako..."

"Hutamwambia. Akijua sasa, atajua pia kwamba alikupigia magoti bure." Akaokota jani kavu la mwanzi, akalikunja. "Nenda nyumbani, baba."

Hakurudi kwangu. Alimtunza mama yake miaka yote iliyobaki, na mama yake hakulima tena karoti wala chochote kingine bondeni, alikaa mlangoni. Alipofariki, alifariki akiamini kwamba alimuua mjukuu wake kwa mikono yake. Mke wangu naye amekwisha kufa sasa, ndiyo maana naandika.

Kufungua lango lile kulinigharimu mtoto pekee niliyepata kumzaa. Kukaa kimya baada ya hapo kulinigharimu mke wangu. Sikuoa tena.